KUKOSA SI KOSA: HASARA YA NASIBU KATIKA POKA YA MTANDAONI NA NAMNA YA KUISTAHIMILI

Utangulizi

Kitenzi ‘kukosa’ katika Kiswahili kimebeba maana mbili zinazoishi nyumba moja. Kwa maana ya kwanza, kukosa ni kutopata: mvuvi hurejea pwani akiwa amekosa samaki, na msafiri hufika kituoni akakosa gari. Kwa maana ya pili, kukosa ni kutenda kinyume na inavyopasa: mtoto hukiri mbele ya mzazi kwamba amekosa, akaomba radhi. Kwa kawaida muktadha huzitenganisha maana hizi bila taabu. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo huchanganyika moyoni mwa mtu, naye aliyekosa kupata akajihukumu kana kwamba amefanya kosa. Mvuvi aliyetega nyavu zake mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa, kisha bahari ikamnyima, amekosa samaki, lakini hakukosea.

Mchezo wa poka, hususan ule unaochezwa mtandaoni kwa fedha, ni mojawapo ya mazingira hayo. Humo mchezaji anaweza kuamua vyema kabisa, akaweka dau lake akiwa na karata bora kuliko za mpinzani, kisha karata moja ya mwisho ikapindua mambo na fedha zote zikaenda kwa mwingine. Makala hii inadhamiria kufafanua hasara ya aina hiyo: inavyotokea, kwa nini huuma, na namna wachezaji wenye uzoefu wanavyoistahimili. Kufafanua si kushawishi, na makala haikusudii kumwita yeyote mezani. Hoja kuu ni kwamba ustahimilivu huanza kwa kutenganisha kukosa na kosa, na kwamba utenganisho huo hukata kuwili: humwondolea mtu lawama asiyostahili, na vilevile humnyang’anya kisingizio asichostahili.

Mchezo na Msamiati Wake

Karata si ngeni kwa Waswahili. Neno ‘karata’ lenyewe lina asili ya Kireno, sawa na majina ya aina nne za karata yanayopatikana katika kamusi: kopa, uru, shupaza na pau. Ree ni karata yenye alama moja, ambayo katika poka ndiyo ya juu kabisa. Karata zenye picha za watu huitwa wazungu, wakiwamo mfalme na malkia. Maneno kamari, hasara na nasibu yana asili ya Kiarabu, na nasibu kwa asili yake ni fungu alilotengewa mtu. Kitenzi ‘kula’ nacho kimepewa kazi katika uwanja huu, kwani anayeshinda humla mwenzake, naye anayepoteza huliwa.

Aina ya poka inayochezwa sana ni ile iitwayo Texas Hold’em. Hutumia karata 52. Kila mchezaji hugawiwa karata mbili ambazo huzificha. Kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa hatua: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika kila hatua wachezaji huweka madau au hujitoa. Mwishoni, kila aliyebaki huunda kundi bora la karata tano kutokana na mbili zake na zile tano za wote, na mwenye kundi bora huchukua fungu lote la fedha. Mchezo huu ulianza kuchezwa kwa fedha kwenye intaneti tarehe 1 Januari 1998.

Kiini cha mchezo ni kwamba maamuzi hufanywa kabla ya karata zote kuonekana. Mchezaji stadi hajui kitakachotokea. Anachojua ni uwezekano wake. Kwa hiyo hata uamuzi bora kabisa hubaki na mwanya ambamo nasibu hupenya.

Karata Moja ya Mwaka 2003

Mfano maarufu wa mwanya huo unapatikana katika Mashindano ya Dunia ya Poka, yaliyoanzishwa mwaka 1970 mjini Las Vegas, Marekani. Mwaka 2003 mashindano makuu yalikuwa na washiriki 839, na kiingilio kilikuwa dola 10,000. Miongoni mwa washiriki alikuwamo Chris Moneymaker, mhasibu kutoka jimbo la Tennessee. Yeye hakulipa kiasi hicho. Alijipatia nafasi yake kupitia mashindano ya mtandaoni yaliyomgharimu chini ya dola 100.

Walipobaki wachezaji 10, Moneymaker alikabiliana na Phil Ivey, mchezaji wa kulipwa ambaye tayari alikuwa na mataji manne ya mashindano hayo. Ivey alikuwa na tisa mbili. Moneymaker alikuwa na ree na malkia. Karata tatu za kwanza zilizowekwa wazi zilikuwa malkia wawili na sita moja, hivyo Moneymaker akawa mbele kwa malkia watatu. Karata ya nne ikawa tisa. Papo hapo Ivey akawa na tisa tatu pamoja na malkia wawili, kundi lililompita mpinzani wake. Sarafu zote za Ivey zikaingia mezani. Kati ya karata 44 zilizosalia, ni saba tu ambazo zingemwokoa Moneymaker: malkia mmoja, ree tatu na sita tatu. Kwa maneno mengine, Ivey alikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 84 wa kushinda. Karata ya tano ikawa ree. Ivey akatoka akiwa wa kumi, naye Moneymaker akaendelea hadi kutwaa ubingwa na dola milioni 2.5.

Mambo mawili yanajitokeza katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba wakati sarafu zake zilipoingia mezani Ivey alikuwa mbele sana. Alikosa ushindi, hakukosea. La pili husahaulika upesi: ile tisa iliyomweka mbele nayo ilikuwa nasibu. Kabla ya karata ya nne yeye ndiye aliyekuwa nyuma, na ni tisa mbili tu zilizokuwa zimesalia katika karata 45 ambazo hazikuwa mikononi mwao wala mezani. Wanaosimulia kisa hiki huikumbuka ree iliyomnyang’anya, lakini wachache huitaja tisa iliyomkopesha. Ndivyo ilivyo kumbukumbu ya binadamu kuhusu nasibu: huandika yanayodaiwa na kufuta yaliyopokewa.

Ivey hakuihukumu kazi yake kwa ree ile. Aliendelea kucheza, na kufikia mwaka 2024 alikuwa na mataji 11 ya mashindano hayo. Kwa upande mwingine, kisa cha Moneymaker kiliwavuta maelfu ya watu mezani na mtandaoni. Kufikia mwaka 2006 washiriki wa mashindano makuu walikuwa 8,773. Wengi wao waliisahau methali isemayo kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Hesabu ya Nasibu

Anayetaka kustahimili hasara ya nasibu hana budi kwanza kuifahamu hesabu yake. Karata mbili bora za kuanzia ni ree mbili. Zikikutana na wafalme wawili kabla ya karata za mezani kufunuliwa, ree hushinda takriban mara 82 kwa kila mara 100. Mchezaji asiye na uzoefu huisikia asilimia 82 kama ahadi. Ukweli ni kwamba asilimia 18 inayosalia inakaribia mara moja katika kila mara tano. Kuliwa mara moja katika tano si ajabu wala si uchawi. Ni ada ya mchezo.

Hesabu hiyo huzidi kuzindua ikitazamwa kwa mfululizo. Mwenye ree akikutana na wafalme mara 10, uwezekano wa kushinda zote 10 ni chini ya asilimia 14. Maana yake ni kwamba karibu kila atakayecheza kwa muda wa kutosha ataliwa akiwa na karata bora. Hata kuliwa mara mbili mfululizo, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba wana nuksi, hutokea takriban mara tatu kwa kila mara 100.

Mwanahisabati Jacob Bernoulli, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1713 baada ya kifo chake, alithibitisha kwamba kadiri jaribio linavyorudiwa ndivyo wastani wa matokeo unavyokaribia uwezekano wake halisi. Kanuni hii humfariji mchezaji stadi, ila mara nyingi hueleweka visivyo. Haisemi kwamba nasibu hulipa deni lake. Karata hazina kumbukumbu. Haziwezi kumhurumia aliyeliwa jana. Mjini Monte Carlo, mwezi wa Agosti mwaka 1913, mpira wa mchezo wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji wakapoteza fedha nyingi kwa kuamini kwamba sasa lazima ije nyekundu. Mcheza poka anayesema kwamba ameliwa vya kutosha na kwamba zamu yake imefika anarudia kosa lilo hilo.

Kwa Nini Mtandaoni Huuma Zaidi

Mezani pa kawaida, ambapo mgawaji huchanga karata kwa mikono, huchezwa takriban raundi 30 kwa saa. Mtandaoni, ambako tarakilishi huchanga na kugawa kwa nukta moja, meza moja hufikia raundi 60 au zaidi, na mchezaji mmoja aweza kufungua meza nne kwa wakati mmoja. Huyo hupokea raundi 240 kwa saa. Ree mbili hugawiwa kwa wastani mara moja katika kila raundi 221. Basi aliyeketi mezani atazisubiri kwa saa saba hivi, ilhali wa mtandaoni atazipata takriban kila saa. Vivyo hivyo, misiba ambayo mezani ingesambaa kwa wiki nzima humwangukia huyu wa mtandaoni katika jioni moja. Nasibu haikuzidi ukali. Ni muda tu uliofinywa.

Zaidi ya hayo, mchezaji wa mtandaoni yuko peke yake. Hakuna uso wa mpinzani, hakuna jirani wa kumpa pole, na kitufe cha kuongeza fedha kiko umbali wa kidole. Upweke huo huzaa shaka kwamba programu imepangwa ili imuonee. Shaka hii haina budi kujibiwa kwa haki, kwa kuwa udanganyifu umewahi kutokea. Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa programu nchini Marekani walidhihirisha kwamba programu moja ya kuchanga karata iliyotumiwa na tovuti za poka ilikuwa dhaifu: ilitegemea saa ya tarakilishi, hivyo karata zilizofichwa ziliweza kubashiriwa. Mwaka 2007 ilibainika kwamba katika tovuti nyingine ilikuwapo akaunti iliyoweza kuona karata za wapinzani.

Linalofaa kuzingatiwa ni namna udanganyifu wa pili ulivyogunduliwa. Haukugunduliwa kwa malalamiko ya walioliwa na karata ya mwisho. Uligunduliwa na wachezaji waliokusanya rekodi za raundi nyingi, wakazichanganua, wakaona ushindi usioweza kuelezwa na hesabu yoyote ya nasibu. Wizi huacha alama katika mfululizo wa raundi. Raundi moja iliyouma si ushahidi wa jambo lolote.

Hasira Hasara

Katika poka, hasara kubwa aghalabu haitokani na ile raundi ya nasibu. Hutokana na raundi zinazoifuata. Mchezaji aliyeliwa kwa karata ya mwisho hupandwa na mori. Huanza kucheza karata dhaifu ambazo saa moja iliyopita angezitupa, huongeza madau ili arudishe fedha kwa haraka, na huhamia meza za madau makubwa ambazo mtaji wake hauziwezi. Nasibu ilimla mara moja. Sasa anajila mwenyewe. Wahenga walilifupisha jambo hili kwa maneno mawili: hasira hasara.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza chanzo cha tabia hii katika utafiti waliouchapisha mwaka 1979. Walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza kiasi fulani huzidi furaha ya kupata kiasi hicho hicho. Walionyesha pia kwamba mtu aliye ndani ya hasara huwa tayari kuingia katika hatari ambayo asingeikubali kama angekuwa salama, mradi tu aone tumaini la kurudi alikoanzia. Kwa hiyo aliyeliwa hatendi kwa upumbavu wake binafsi. Anafuata mwelekeo wa asili ya binadamu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Fedha iliyokwenda si yake tena, na raundi inayofuata haijui kwamba ilikuwa yake.

Njia za Kustahimili

Wachezaji waliodumu katika mchezo huu hawana dawa ya kuizuia nasibu. Walicho nacho ni taratibu zinazopangwa kabla ya maumivu kufika, kwa kuwa akili iliyopandwa na mori haiwezi kupanga lolote.

Utaratibu wa kwanza ni kikomo. Kabla ya kuketi, mchezaji huamua kiasi ambacho akikipoteza ataondoka, na muda ambao ukiisha atafunga tarakilishi, iwe ameshinda au ameliwa. Kikomo kinachowekwa katikati ya hasara si kikomo bali ni majadiliano.

Utaratibu wa pili ni kutenga mtaji. Fedha ya mchezo hutengwa na fedha ya chakula, kodi na karo, na kila meza hupewa sehemu ndogo tu ya mtaji huo. Ushauri unaotolewa sana ni kuwa na angalau mara 20 ya kiasi cha kuingilia mezani. Lengo ni kwamba mfululizo wa mikosi, ambao hesabu imekwisha kuonyesha kuwa utafika, umkute mchezaji akiwa na uwezo wa kuubeba.

Utaratibu wa tatu ni kusimama. Baada ya kuliwa vibaya, mchezaji huondoka mbele ya skrini, hutembea, hunywa maji, na ikiwa moyo bado unadunda hulala. Mezani pa kawaida mgawaji humpa nafasi ya kupumua anapochanga karata. Mtandaoni nafasi hiyo haipo mpaka mtu ajitengenezee mwenyewe.

Utaratibu wa nne, ambao ndio mzito zaidi, ni kupitia rekodi. Tovuti nyingi huhifadhi kumbukumbu ya kila raundi. Siku inayofuata, akiwa ametulia, mchezaji huirejea raundi iliyomuuma na kuifunika karata ya mwisho. Kisha hujiuliza: kwa yale yaliyojulikana wakati dau lilipowekwa, je, uamuzi ulikuwa sahihi? Jibu likiwa ndiyo, hapo amekosa tu, na hana la kurekebisha. Likiwa la, hapo pana kosa, na kosa lina funzo. Utaratibu huu unapasa kutumiwa hata kwa raundi alizoshinda, maana wengi hushinda kwa uamuzi mbovu uliookolewa na nasibu. Husemwa kwamba kutenda kosa si kosa, bali kosa ni kurudia kosa. Naye asiyelitambua kosa lake kwa sababu lilimletea fedha hana budi kulirudia.

Nasibu Isiwe Kisingizio

Hapa ndipo upande wa pili wa hoja unapojitokeza. Faraja ya kusema ‘nilikosa tu’ ni tamu, na kila kitamu huweza kutumiwa vibaya. Mchezaji anayeliwa mwezi baada ya mwezi, na kila mara anayo hadithi ya karata ya mwisho, amelifanya neno nasibu kuwa shuka la kujifunikia.

Ikumbukwe kwamba tovuti hazichezeshi poka bure. Hukata sehemu ya fungu, mara nyingi takriban asilimia 5 yenye kiwango cha juu kilichowekwa, au hutoza ada katika kiingilio cha mashindano. Wachezaji wakihesabiwa pamoja, kile wanachotoka nacho ni pungufu ya kile walichoingia nacho. Nasibu hupanda na kushuka, na katika maelfu ya raundi athari yake hupungua. Makato hayashuki. Kwa hiyo mchezaji wa wastani, asiye bora wala dhaifu kuliko wenzake, hupoteza kwa hakika bila kuhitaji mkosi wowote. Hasara yake ni ya mpango, na hakuna ustahimilivu utakaoibadili kuwa faida.

Kuna pia hatua ambapo suala huacha kuwa la mchezo na kuwa la afya. Mwaka 2013 Chama cha Wataalamu wa Afya ya Akili cha Marekani kiliuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zake zinajulikana: kuzidisha madau ili kupata msisimko ule ule, kufukuza hasara, kuwaficha jamaa ukweli, kukopa ili kucheza, na kushindwa kuacha licha ya kujaribu. Mtu mwenye dalili hizi haambiwi astahimili. Huyo anahitaji kuacha, na anahitaji msaada wa jamaa na wataalamu. Chama cha kusaidiana cha waraibu wa kamari kilianzishwa mjini Los Angeles mwaka 1957, na mtindo wake wa kukutana na kusemezana bila kulaumiana umeenea katika nchi nyingi.

Hitimisho

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hutumiwa sana kumtuliza aliyeshindwa, lakini katika poka ya mtandaoni inadai zaidi ya utulivu. Kukubali kushindwa ni kukubali hesabu ilivyo: kwamba karata bora huliwa, kwamba karata hazina kumbukumbu, na kwamba uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana kabla ya karata ya mwisho kufunuliwa. Ni kukubali pia kwamba pengine hakukuwa na nasibu yoyote ya kulaumiwa, bali uamuzi mbaya au makato ya tovuti.

Mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye siku hizi hubeba meza ya kamari ndani ya rununu yake, anao wajibu wa ziada. Anapoitazama karo iliyokwenda, swali la kwanza si lini itarudi. Swali ni kama alikosa au alikosea. Na ikiwa fedha iliyowekwa mezani ilikuwa ya karo, basi jibu lilikwisha kupatikana kabla ya karata ya kwanza kugawiwa.